Kwa vijana wa Lamu na Malindi mlio chuoni tayari na bado mnautaka udaktari: yale niliyoyapitia

MwanaWaFaza

Assalaam alaykum wadau, na salamu kwa wote.

Nimerudi nyumbani likizo, na tangu nishuke Mokowe nimeulizwa swali moja na watu sita: nifanyeje niingie udaktari? Wawili ni watoto wa kidato cha nne. Wanne wako chuo kikuu tayari, wanasomea sayansi nyingine, na wanaamini kuwa chombo kimeshang'oa nanga kikawaacha ufuoni. Hao wanne ndio ninaowaandikia hasa, kwa sababu nami nilikaa ufuoni hapo hapo.

Nimezaliwa Faza. KCSE, yaani mtihani wa kitaifa wa kumaliza kidato cha nne, nilipata B+, bayolojia A-, kemia B. Kiwango cha chini cha kusomea udaktari Kenya ni B ya jumla, pamoja na B katika bayolojia, kemia, fizikia au hisabati, na Kiingereza au Kiswahili. Kiwango hicho nilikuwa nacho, lakini nafasi sikupata. Hapa ndipo wazazi wengi wa kwetu hawaelewi, wanadhani mtoto amedhulumiwa. KUCCPS, taasisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, haigawi nafasi kwa kiwango cha chini. Hupanga watu kwa pointi za klasta, yaani za masomo yanayohusiana na kozi, zinazohesabiwa kati ya 48, kuanzia juu kushuka chini, na katika vyuo vikubwa vya umma nafasi za udaktari huisha kabla ya kufika 40. Mimi sikufika. Nikapelekwa bayokemia.

Nilisoma bayokemia miaka 4. Kisha nikaomba udaktari moja kwa moja chuoni kwa shahada yangu, nikakubaliwa, nikaanza mwaka wa 1 pamoja na watoto waliotoka shule ya upili. Sasa niko mwaka wa 4.

Ninachotaka mshike ni hiki: miaka ile ya shahada ya kwanza usiikae kama mtu aliyeketi barazani akingoja mlango wa ndani ufunguliwe. Mwaka wangu wa 1 wote niliupoteza hivyo. Nilihudhuria mihadhara nikiwa na hasira, nikijiambia haya si yangu. Mtihani mdogo wa kwanza wa kemia ya ogani nilipata 11 kati ya 30.

Kilichonigeuza ni darubini. Tulikuwa kwenye mazoezi ya maabara katika hospitali moja huku Pwani, fundi wa maabara akaniita niangalie damu ya mtoto wa miaka 5. Katikati ya chembe za duara kulikuwa na nyingine zimekonda na kupinda, kama mwezi wa siku mbili. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nilikuwa nimeukariri ule mstari wa daftari, kwamba kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini, nafasi ya 6, asidi ya glutamiki imeondoka na pahala pake pameingia valini. Niliukariri kama mtu anayekariri namba ya simu. Sasa nikamsikia mlangoni mtoto akilia kwa maumivu ya mifupa, na nikaelewa kuwa kilio kile chanzo chake ni badiliko hilo moja tu. Nilirudi bwenini nikafungua kitabu kile kile nilichokuwa nakichukia.

Likizo iliyofuata nilikuja Faza. Karatasi hazikutosha, basi maji yakipwa nilikuwa nikienda pwani na kijiti nachora pete za benzini kwenye mchanga mbichi, huku namweleza mdogo wangu aliyekuwa darasa la saba. Pale nilipokwama kueleza, nilijua hapo ndipo sijui. Hiyo ndiyo njia ya kusoma ninayoiamini mpaka leo: eleza kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua. Kiingereza cha kitabu huficha ujinga. Ukisema "enzaimu inapunguza nishati ya kuanzishia mmenyuko" halafu mtoto akakuuliza "inaipunguzaje?", hapo utajua kama umesoma.

Chuo nilichoomba kilitaka daraja la pili la juu. Nililipata kwa sababu ya ule mchanga. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

BintiMatondoni

Shukran kwa uzi. Mimi niko mwaka wa 2, nasomea bayolojia, wastani wangu umeanguka daraja la pili la chini. Je, ndiyo basi? Na jambo la pili, nimekuwa nikitazama video za wanafunzi wa Marekani wanaojiandaa kwa udaktari, wanazungumzia mtihani wa MCAT. Kwetu tunaufanyia wapi? Nimeanza kununua vitabu vyake.

MwanaWaFaza

Dada, acha kununua vitabu hivyo leo hii. Ngoja nieleze, maana hili limewapotosha wengi na hela zao.

Marekani udaktari ni shahada ya pili. Mtu husoma miaka 4 chuoni, shahada yoyote aitakayo, hata historia, mradi apitie masomo ya lazima: bayolojia, kemia ya jumla, kemia ya ogani, fizikia, pamoja na maabara zake. Kisha hufanya MCAT, mtihani wa siku nzima wenye sehemu 4, alama zake zikianzia 472 na kuishia 528. Ndipo anaingia shule ya udaktari miaka 4, halafu mafunzo ya ubingwa miaka 3 hadi 7. Na vyuo vingi vya huko havichukui kabisa mwanafunzi mgeni.

Kenya tulifuata mkondo wa Uingereza. Udaktari ni shahada ya kwanza, miaka 6 kutoka kidato cha nne, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini kabla ya kupewa leseni kamili. Hatuna MCAT. Wala hakuna kwenye tovuti ya KUCCPS kozi ya matayarisho ya udaktari. Binamu yangu aliitafuta usiku mzima. Anayeingia kwa shahada ya sayansi kama mimi huangaliwa shahada ile, daraja lake, na cheti chake cha KCSE. Kila chuo kina masharti yake, basi nenda ofisi ya usajili ya chuo unachokitaka uombe masharti kwa maandishi. Usichukue neno la mtu kwenye simu.

Lakini kuna kitu cha Wamarekani ningependa tukiige. Kule mwanafunzi anayeomba udaktari hutarajiwa awe amemfuata daktari kazini, amejitolea mahali, na awe na barua za wahadhiri wanaomjua kwa jina na kwa kazi yake. Sisi tunaingia udaktari kwa sababu tulipata A na baba alitaka. Nimeona darasani kwetu watu wawili wenye alama za juu wakiacha mwaka wa 3, siku za kwanza za wadi. Hawakuwa wamewahi kukaa na mgonjwa.

Kuhusu wastani: mwaka wa 2 si mwisho. Ziko nusu mwaka nne mbele yako, na katika vyuo vingi miaka ya mwisho ndiyo yenye uzito. Niandikie masomo yaliyokuangusha.

Mzazi_Malindi

Mwanangu, Mungu akubariki. Nina binti hapa Malindi, amepata C+. Tangu utotoni ni udaktari, udaktari. Baba yake anasema arudie kidato cha nne. Mimi naona amechoka, hata kula hali. Nimwambie nini?

NesiWaBara

Mama, niruhusu nijibu mimi kabla ya mwenye uzi. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 sasa kazini. Nilipata C+ hiyo hiyo.

Stashahada ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inahitaji C ya jumla na alama za masomo maalumu, bayolojia ikiwa mbele. KMTC ina kampasi hapo Malindi na nyingine Lamu, hivyo hata kodi ya nyumba utaepuka. Na C+ ndicho kiwango cha chini cha shahada chuo kikuu, kwa hiyo hata shahada ya uuguzi asiifute, aangalie alama za kila somo. Kuna maafisa wa kliniki pia, na huku kwetu hao ndio wanaowaona wagonjwa wengi zaidi kuliko daktari yeyote. Kwenye zahanati za visiwani ukimkuta daktari umekuta bahati.

Naomba jambo moja kwa wote mnaosoma. Msimwambie mtoto "angalau uwe nesi". Mimi usiku nimepokea watoto wa watu kwa tochi ya simu na mama na mtoto wakaenda nyumbani wazima. Sikuwa daktari aliyeshindwa. Nilikuwa muuguzi.

MwanaWaFaza

Dada NesiWaBara, shukran sana. Sina la kuongeza ila kwa mama: mkae naye binti umuulize akifumba macho anajiona akifanya nini. Kama anajiona kando ya kitanda cha mgonjwa saa zote, huyo ni muuguzi tangu sasa. Akijibu "kuandika dawa na kupasua", basi njia ni ndefu zaidi, lakini hata kupitia kliniki watu wanafika. Darasani kwetu yupo kaka aliyekuwa afisa wa kliniki miaka 8. Tukiingia wadi sote tunamfuata yeye nyuma, maana anajua kumgusa mgonjwa tumbo bila kumtisha. Na kula, mama, ale kwanza.

BintiMatondoni

Masomo yaliyoniangusha ni kemia ya ogani (kama wewe) na takwimu. Na hilo la kukaa na wagonjwa nalifanyaje? Nilienda hospitali moja kuomba kujitolea, wakaniambia bila barua ya chuo hawanichukui, nikarudi.

MwanaWaFaza

Walikuwa na haki, dada, siri za wagonjwa si za kumfungulia kila apitaye mlangoni. Barua utaipata kwa mkuu wa idara yako, omba mapema kabla ya likizo. Lakini usingoje hospitali. Mlango ulio wazi zaidi ni wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu kama 100,000 nchi nzima: kipimo cha presha, cha sukari, kipimajoto, mizani. Kila kijiji chetu kina wao, na wengi ni mama zetu na shangazi zetu. Mtafute wa mtaani kwako, omba ruhusa kwake na kwa zahanati iliyo juu yake, ufuatane naye. Kazi yako ni kubeba mfuko na kunyamaza.

Nilifuatana na mmoja Faza likizo mbili. Nyumba niliyoikumbuka kuliko zote ni ya mzee mmoja mvuvi aliyestaafu. Presha yake ilipanda 190 kwa 110. Mama yule hakumgombeza. Aliketi jamvini, akauliza habari za wajukuu, akanywa kahawa, halafu akasema, "Baba, nionyeshe dawa zako." Mzee akaingiza mkono katika mfuko wa koti lililotundikwa msumarini, akatoa karatasi ya dawa imekunjwa mara nne. Vilikuwa vimetolewa vidonge vitatu tu, na mwezi ulikuwa unaisha. Akaeleza kwamba humeza siku kichwa kinapouma. Siku nyingine anaona hana maradhi, kwa nini ale dawa? Jikoni harufu ya ng'onda ilikuwa imejaa, samaki wa chumvi kila siku.

Hakuna kitabu changu kilichoniambia kuwa mtu mwenye akili timamu anaweza kufanya hivyo kwa sababu nzuri. Nilipokuja kufundishwa dawa za presha mwaka wa 3, mimi nilimuona yule mzee, na nilijua swali la kuuliza katika wadi: siyo "unakunywa dawa?", bali "ulikunywa mara ya mwisho lini?"

Na jambo jingine, sote wawili tuna bahati ambayo wenzetu wa Nairobi hawana. Nunua kijidaftari, uandike maneno ya maradhi kama watu wanavyoyasema, na wanachokikusudia. Changu kina kurasa 60 sasa. Degedege: mama wa Malindi akisema neno hili anakueleza kuwa mtoto alikakamaa akageuza macho, na pengine ameshampeleka kwa mganga kwa kuamini ni pepo kama ndege, usimcheke, uliza lilianza saa ngapi na mwili ulikuwa wa moto kiasi gani, maana inaweza kuwa malaria ya kichwani. Mshipa: mzee wa kiume akilitaja kwa haya, huenda ni ngiri, huenda ni busha. Na busha na matende ni maradhi ya Pwani hasa, minyoo inayoletwa na mbu. Bara wanayasoma kwenye picha tu. Safura, baridi yabisi, chango. Kibajuni kina yake, Kigiriama kina yake. Daktari asiyejua maneno haya anaandika "mgonjwa haeleweki".

Takwimu nilifundishwa na rafiki aliyekuwa Kilifi karibu na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza 1989. Chanjo ya malaria ya R21 ilijaribiwa hapo pia. Aliniwekea swali moja: watoto wangapi walichanjwa, wangapi hawakuchanjwa, wangapi wakaugua kila upande, na utajuaje si bahati nasibu? Nikiwa na watoto wa kwetu kichwani, takwimu zikaacha kuwa namba tu.

Kizingitoni_Juu

Mkuu, nakuheshimu, lakini sema ukweli wote. Miaka 4 pamoja na 6 pamoja na 1 ni miaka 11. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ni kwamba serikali ilitaka kuwalipa wanagenzi 70,000 badala ya 206,000 za makubaliano ya 2017. Kijana wa kisiwani atabeba vipi hayo? Baharini kuna kamba na pweza.

MwanaWaFaza

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalipindisha.

Ada ya mwaka wangu wa 1 wa udaktari ilitoka kwenye injini ya mashua ya baba. Aliiuza. Miezi saba alivua kwa tanga, na sitaki kijana yeyote afike hapo kwa sababu hakujua hesabu. Anayeingia kwa shahada hawekwi na KUCCPS, kwa hiyo ufadhili wa serikali unaowafuata wanaotoka KCSE usiuhesabu wako. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, wa shahada ya kwanza huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na usipolipa kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Mimi niliwaandikia HELB mapema nikaeleza kuwa nimerudi masomoni. Wengine walinyamaza, deni likawavimbia. Basari ya eneo bunge na ya kaunti ombeni kila mwaka, hata mkinyimwa mara mbili. Mara ya tatu mimi nilipewa. Na kabla ya kuomba udaktari nilifanya kazi maabara mwaka mzima, nikaweka akiba. Ndiyo maana nasema chagua shahada ya kwanza inayoweza kukulisha. Bayokemia ilinilisha.

Kwa nini nisivue? Nitakwambia. Kabla sijaingia chuo, shangazi yangu alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya, tukaambiwa afikishwe hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Maji yalikuwa yamekupwa. Wewe unajua Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakipwa. Mashua ilikwama kwenye matope ya mikoko, na nje ya Manda kulikuwa na mawimbi nahodha hakuthubutu. Tuliketi mle mpaka maji yakajaa, saa tatu na ushei, nimemshika mkono, sijui la kufanya zaidi ya kusoma Yasin. Alfajiri tulifika. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Tangu siku ile kila nikifikiria kuacha, mkono wangu hukumbuka ule mkono.

Wanagenzi hatimaye walipata haki yao ya 2017, lakini baada ya mapambano marefu. Ni kweli unayoyasema. Anayetaka pesa za haraka asije huku.

Kizingitoni_Juu

Mungu amrehemu mtoto. Sikulijua hilo. Shangazi yako namfahamu. Nimekuelewa.

Abu_Salma

Naomba kugusia nje ya nchi. Mdogo wangu alikuwa Khartoum anasomea udaktari, mwaka wa 4, vita vikazuka tarehe 15 Aprili 2023. Alitoka na begi moja, vyeti vimebaki. Mpaka leo anatafuta chuo kitakachotambua miaka yake. Ninyi mnaofikiria Misri, Uturuki, Sudani, waulizeni waliokwenda.

MwanaWaFaza

Pole sana, kaka. Wengi wa kwetu wamesoma huko na ni madaktari wazuri. Ila kwa anayekwenda sasa: kabla ya kulipa hata shilingi, uliza KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, kama chuo kile kinatambuliwa, kwani ukirudi utafanya mtihani wao kabla ya kuruhusiwa uanagenzi. Na kila mwisho wa mwaka chukua nakala ya matokeo yenye muhuri, ipige picha, uitume nyumbani kwa watu wawili. Mdogo wako mwambie anitumie ujumbe wa faragha, kuna mhadhiri ninayemjua aliyewahi kuwasaidia wengine kuhamisha masomo.

BintiMatondoni

Nimeongea na shangazi yangu, kumbe ni mhudumu wa afya ya jamii na sikujua kama anaweza kunichukua. Jumatatu tunaanza. Bado ogani.

MwanaWaFaza

Ogani njoo Jumamosi. Ustadh amekubali kutupa darasa moja la madrasa pale mtaani baada ya Alasiri, Jumamosi nne mfululizo, kabla sijarudi chuoni. Watoto wa kidato cha nne waje pia. Mnaotoka Shela na Matondoni nimeongea na mwenye mashua, atangoja mpaka tumalize. Lete karatasi za mitihani iliyokuangusha, zile zenye wino mwekundu, siyo daftari safi. Tutaanza na swali la kwanza ulilokosa.